Lango la Pili la Ngome ya Chumvi

Mbagala, 3 Februari 2025

Kaka Zubeiri,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Mwanaheri. Mimi sijambo, ila joto la huku halina adabu.

Nimekupigia mara nyingi, simu inaita mpaka inakata. Mama ameniambia kidonda kimefunga, ila vidole vitatu vya mkono wa kushoto havikunji tena, na kwamba umeacha kukata boriti kule Mbwera. Ameniambia pia mmefungua banda la gemu hapo Kibiti, runinga mbili. Hilo limenifurahisha. Sasa kazi zetu zimekaribiana: wewe unachezesha watu, mimi nawaambia wacheze nini.

Ndani ya kifurushi nilichompa kondakta kuna mashine ndogo ya kuchezea mkononi. Nimekuwekea gemu jipya, Ngome ya Chumvi. Kwangu limepata alama tisa kwa kumi, na mwaka jana wote hakuna gemu lililopata zaidi kwenye tovuti yetu. Uhakiki wenyewe nimeuchapa kwenye karatasi uusome. Cheza, uniambie.

Mwezi wa Novemba kazi zilinibana. Nadhani unaelewa.

Mdogo wako,
Amal


Kibiti, 19 Februari

Amal,

Waalaikum salaam. Sisi wazima. Mama naye mzima, miguu tu inamsumbua. Mzigo ulifika salama, ahsante.

Nimelicheza. Picha zake nzuri, na sauti ya maji ni kama ya kwetu mikokoni maji yanapojaa. Lango la kwanza nilipita mchana mmoja. Lango la pili mishale inakuja huku unakimbia. Lazima ushikilie batani ya juu kushoto ndipo ngao inyanyuke, na papo hapo dole gumba la kushoto ndilo linaloendesha mtu. Dole gumba langu zima. Kidole cha shahada hakikunji. Ngao hainyanyuki, nakufa.

Nikaingia kwenye mipangilio nihamishie batani hiyo kulia. Hakuna kitu kama hicho. Nikajaribu kuibonyeza kwa goti. Kisha Mwanaheri akaja kunishikia upande wa kushoto, tukafa mara kumi na moja huku tunacheka, mpaka akasema, "Baba Warda, nina samaki jikoni, wanaungua kwa ajili ya ngao yako."

Alipoondoka nikasoma karatasi yako. Umeandika, "Vitufe ni vyepesi, mtu yeyote atavizoea ndani ya dakika kumi." Nimeisoma mara mbili. Mtu yeyote ni nani?

Na jambo jingine. Nilipolazwa hospitali Novemba ulimwambia mama huwezi kuja, kwamba kuna gemu linatoka Ijumaa na lazima alama zitoke siku hiyohiyo. Ni hili?

Kakako,
Zubeiri


Mbagala, 2 Machi

Kaka Zubeiri,

Assalamu alaikum. Nawatakia funga njema wote hapo nyumbani, na mama msimwache achoke.

Ndiyo. Ni hili.

Juzi nilijifunga vidole vitatu vya kushoto kwa kipande cha kanga, nikalianza upya. Nilikaa mbele ya lango la pili zaidi ya saa tatu, sikupita. Ule uhakiki niliuandika kwa siku mbili, nina vidole kumi, na neno "yeyote" liliniponyoka bila kumfikiria mtu.

Nimemwendea mhariri wetu, Bwana Khalidi, nikamwomba tuurekebishe. Akasema, "Alama ikishatoka haishuki. Waliotengeneza gemu wameiweka tisa yetu kwenye tangazo lao. Leo tukiishusha, kesho nani atatuletea gemu kabla halijatoka?" Nikamwambia kuna watu hawapiti pale langoni. Akasema hao ni wachache.

Nikuulize kitu: wapo wengine kama wewe hapo bandani?

Mdogo wako,
Amal


Mbagala, 8 Aprili

Kaka,

Assalamu alaikum. Idi imepita, hujajibu. Mama anasema mko salama wote, kwa hiyo najua si maradhi.

Niliandika uhakiki wa pili. Bwana Khalidi aliukataa, nikauweka kwenye ukurasa wangu mwenyewe: alama tano. Umesomwa na watu wengi kuliko ule wa kwanza. Wiki iliyopita akaniita, akaniambia nipumzike kidogo, na gemu la mwezi huu amempa mtu mwingine. Siandiki hili ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu wewe ndiye uliyeliona kosa.

Nimeiambatisha nakala.

Mdogo wako,
Amal


Kibiti, 27 Aprili

Amal,

Salaam. Hatujambo. Barua yako ya Machi niliisoma nikaitia kwenye droo. Niliudhika. Hii ya pili Mwanaheri aliifungua yeye, akaisoma kwa sauti bandani, wateja wote wanasikia.

Pole kwa mambo ya kazini. Lakini uhakiki wako wa pili nao una kasoro. Umeandika, "Kaka yangu, aliyepoteza mkono, amekaa mbele ya lango asiloweza kulipita." Mkono ninao. Na sikukaa mbele ya lango lolote, nina kazi zangu. Lile gemu la mpira linaniruhusu kuhamisha batani, na wenye vidole kumi nawafunga kila siku. Muulize Amri wa bodaboda. Juzi nilimfunga manne, akasema pedi yake ya kuchezea mbovu. Tukabadilishana pedi, nikamfunga matatu.

Uliuliza kama wapo wengine. Yupo Sikudhani, fundi cherehani, amezaliwa na mkono mmoja mfupi. Nilimpa hilo Ngome ya Chumvi, akalishika kidogo, akanirudishia. Akasema, "Waliotengeneza hili hawakumuuliza mtu." Hilo ndilo ungeandika. Wewe umewafanya watu wanionee huruma mimi, na aliyeweka lango baya umemwacha aende zake. Mkono wangu hauna kosa hapo.

Kakako,
Zubeiri


Mbagala, 5 Mei

Kaka Zubeiri,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, naomba Mungu nanyi muwe hivyo.

Ile sentensi nimeifuta. Mahali pake nimeandika hivi: "Lango la pili halipitiki kwa mtu asiyeweza kukunja kidole cha shahada cha kushoto, na gemu halimpi njia ya kuhamisha kitufe. Ni kasoro ya waliolitengeneza, na mimi sikuitafuta nilipoandika tisa." Wenyewe nimewaandikia, hawajajibu. Bwana Khalidi naye hajanirudisha. Naendelea na ukurasa wangu.

Katika barua ya kwanza nilikuandikia kwamba kazi zilinibana. Si kweli. Mama alinipigia Jumatano asubuhi, akaniambia umejikata na shoka, wamekutoa Mbwera kwa boti na umelazwa Kibiti. Mabasi ya Kibiti yanaondoka hapa Mbagala siku nzima, nayasikia nikiwa chumbani. Nilibaki kwa sababu nilitaka uhakiki wangu uwe wa kwanza kutoka. Nilichagua mwenyewe, nikijua. Nisamehe, kaka.

Mdogo wako,
Amal


Kibiti, 11 Mei

Mdogo wangu Amal,

Waalaikum salaam. Tu wazima, na mama leo ametembea mpaka sokoni na kurudi.

Nimeisoma barua yako peke yangu. Nililazwa siku tano. Kila wageni walipoingia wodini nilikuwa nageuza kichwa, nikiona si wewe nawaambia wenzangu wa vitanda vya jirani kwamba uko njiani. Siku ya tano nikaacha kuwaambia. Nilitaka ulijue hilo kabla hujafika hapa, nisije nikalitoa mbele ya mama. Sasa unalijua, na mimi nimelitua.

Njoo Jumamosi. Sikudhani ameorodhesha magemu matatu anayotaka uyacheze mbele yake, na anasema hatakuonea aibu. Mwanaheri ananiuliza kama bado huli pweza. Nimemwambia sijui, ukifika akuulize mwenyewe.

Kaka yako,
Zubeiri