Kadi za Mwisho wa Era

Jumatatu, 3 Machi
Kazi imepatikana! Wiki tatu mashine ya kuchapa imelala, leo bosi kaja mwenyewe. Kadi mia mbili za mwaliko. Juu kabisa MWISHO WA ERA, chini Ijumaa saa nane, basi. Nikamuuliza era ndiyo nini. Akasema, mzee, we panga tu, Kizungu hicho. Nimepanga. Herufi za risasi nazipanga kinyumenyume bila miwani, na shule niliishia la pili. Mjini hakuna mwingine anayeweza. Wote wameshakufa.

Jumanne, 4 Machi
Mjukuu wangu, yule mwalimu, kapita kunijulia hali. Nikamwonyesha kadi. Anasema era ni miaka mingi iliyopewa jina moja, labda la mtu aliyetamba. Nikamwambia basi yangu ilianza siku niliyoshika mashine hii. Kacheka. Lakini babu, walio ndani ya era hawaiiti hivyo, jina huja ikishapita. Akaisoma kadi tena. Babu, shughuli yenyewe iko wapi? Kutazama — pahali hapakuandikwa. Nikasema wamesahau, vijana hawa.

Jumatano, 5 Machi
Hawakusahau. Bosi anasema walioalikwa wote wanapajua. Ni hapahapa. Jumamosi mashine inaondoka, herufi zinakwenda kuyeyushwa. Mzee wangu, utakaa kiti cha mbele, era hiyo ni yako. Bosi huyu nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, enzi za baba yake, bosi wangu wa kwanza. Na kadi nimezichapa mwenyewe. Hata moja haina doa la wino.

Alhamisi, 6 Machi
Sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Saa saba na nusu. Viti vimeshapangwa. Hapa kwetu kadi zikishatoka, herufi zinarudi kila moja kisandukuni kwake. Kabla ya hapo kazi haijaisha. Miaka arobaini na moja sijaenda kinyume. Hizi za kadi sikuzirudisha. Zimo kwenye fremu, chuma kile kinachozibana zisimwagike, nimeipakata, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Bosi kaja mara mbili. Mzee, watu wanaingia. Nikamwambia kazi haijaisha. Haijaishaje, mzee? Kadi si tumeshagawa? Sasa kasimama mlangoni na mnunua vyuma chakavu, yule wa kuziyeyusha herufi, wananingoja. Fremu nimeilegeza kidogo tu, nione. Mkono umechukua A ya mwisho, umeitia kisandukuni kwake. Sikuutuma. Mazoea tu. Sasa umeshika R.