Anayenisemea Dukani

Mdogo wangu Tumpe,

Ugonile? Huku Ngonga tumeamka salama. Mama anapepeta mchele, na bibi bado anakuwekea kigoda chako jikoni, halafu anakumbuka kwamba uko Mbeya kwa shangazi.

Umeniuliza siku hizi nani ananisemea dukani. Tangu nimalize shule, kila Jumamosi natumwa Kyela mjini. Juzi nilikwenda kununua uzi wa kufumia vitambaa. Nikasimama mlangoni kwa Mzee Salimu kama tulivyozoea, nikisubiri wewe utangulie. Wateja watatu walihudumiwa wakaondoka.

“Leo umekuja na nani?” akauliza.

“Peke yangu.”

“Basi tutakaa hapa mpaka jioni, mjukuu wangu. Yule mdogo wako angeshaniambia uzi wangu unachuja.”

“Kwani hauchuji, babu?”

Lilinitoka tu, na kwa sauti yako, Tumpe, ile ya kuvuta maneno. Alicheka mpaka akavua miwani. Nikataja ninachotaka, nikapokea, nikapiga goti kidogo na kushukuru, “Ndaga.” Njiani nilitembea nikitabasamu peke yangu.

Nilipofungua mfuko nyumbani ndipo nilipoona kwamba nimeomba nyuzi mbili, wa bluu wangu na wa njano, rangi yako.

Sikuurudisha huo wa njano. Nimeanza kufuma kitambaa cha njano, polepole. Ukingo nakuachia, uje uumalizie likizo.

Dada yako,
Atu