Mumuache Mutoto

Mama Salome,

Najua hukupenda mtu akusumbue ukishalala, lakini nimevumilia tangu tukuzike na sasa nimeshindwa. Nina swali moja tu. Nimemuuliza daktari, nimemuuliza mchungaji, nimejiuliza mwenyewe nikifua mashuka, na kila mmoja ananitazama kama mtu mwenye homa. Wewe ndiye uliyenitwisha swali hili, kwa hiyo nakurudishia.

Kwanza habari za hapa hospitalini Baraka. Wodi ya watoto iko pale pale, ila mlango wameupaka rangi ya kijani ambayo ungeikataa mbele ya mpakaji. Kuku wako mweusi ametutawala. Anatagia kwenye kabati la mashuka na hakuna anayethubutu kumfukuza, kwa sababu ni wako. Wamama wanaoshuka kutoka Kilembwe na watoto mgongoni bado wanakuulizia mlangoni. Mimi bado nawajibu kwamba umetoka kidogo, halafu naingia ndani kwa haya. Aproni yako nimepewa mimi. Inanipwaya, na nimekataa kuipunguza.

Sasa Wilondja. Nilitaka kuandika "unamkumbuka Wilondja," nikajicheka, maana nani angemsahau? Lakini sijui huko uliko mnakumbuka nini, basi acha niseme yote. Ni yule mtoto wa kijiji cha Lweba aliyezaliwa na moyo wenye tundu. Daktari alituchorea ubaoni: tundu katikati, na njia ya kwenda mapafuni imebana, kwa hiyo damu inazunguka bila kupata hewa ya kutosha na mtoto anageuka bluu. Siku ya kwanza daktari alisema kwa Kifaransa kwamba moyo si mzuri, na karani aliyekuwa anatafsiri akamgeukia mama kwa uso mzito: "Mutoto yako iko na roho mubaya." Mama Wilondja akasimama, akamfunga mtoto mgongoni, akasema mwanawe hajawahi kuiba hata samaki mdogo wa ndagala. Alikuwa ameshafika kwenye njia nyembamba nyuma ya jiko ulipomkamata kitenge. Ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukamweleza taratibu, huku umeshika mkono wake na kuuweka juu ya kifua cha mtoto.

Ni kwa Wilondja nilijifunza kazi hii. Ulinifundisha nisiangalie midomo tu, maana ngozi yetu inaficha. Nimwombe atoe ulimi, na nimsogeze dirishani kwenye mwanga wa jua. Ulinifundisha kumlisha kidogo kidogo, kijiko, apumzike, kijiko, kwa sababu hata kula kunamchosha. Nimpe maji mara kwa mara, damu yake isizidi kuwa nzito. Nisimwache alie. Kabla ya sindano nimchekeshe, na mimi sijui kuchekesha, nikawa namwigiza karani, na ilifaa.

Na kuchutama. Watoto wa namna hii wakichoka wanachutama wenyewe, magoti yamebana kifua, na pumzi inarudi polepole. Hakuna aliyewafundisha. Lakini mtoto akichutama katikati ya njia watu wanadhani anajisaidia, na Mama Wilondja alikuwa anaona aibu, anamvuta mkono ainuke. Hapo sauti yako ilitokea popote ulipokuwa, jikoni, stoo, hata ukiwa kanisani karibu na dirisha: "Mumuache mutoto." Tulilisikia neno hilo mpaka likawa kama salamu ya wodi.

Basi nikufikishe asubuhi ile. Ulikuwa umelala kwenye chumba cha wanawake, homa imekumaliza, na sisi wote tulijua. Daktari aliingia na jibu kutoka Ulaya: wamekubali kumpokea Wilondja. Gari mpaka Uvira, kisha Usumbura, kisha ndege. Alituambia wazi kwamba kule hawazibi tundu. Wanaifungulia damu njia nyingine ya kufika mapafuni. Akasema wako watoto wanaoinuka pale kwenye meza ya upasuaji na kucheza mpira, na wako wasioinuka. Mama Wilondja hakumtazama daktari. Aliinama kwako akauliza, "Mama, nimutume?"

Wakati huo huo mtoto alikuwa amechutama miguuni pa kitanda chako, na mama mmoja wa jirani alikuwa anamvuta ainuke ili apishe njia. Nililiona hilo kwa macho yangu. Ulifungua macho. Ukasema, "Mumuache mutoto." Halafu ukageukia ukuta, na hukusema kitu tena mpaka ulipotutoka.

Mama, ulikuwa unamjibu nani?

Kama ulikuwa unamwambia yule jirani, basi ulisema tu lile neno lako la kila siku, mtoto aachwe achutame. Kama ulikuwa unamjibu Mama Wilondja, basi ulisema mtoto aachwe kwa amani, asikatwekatwe. Au ulisema mumwachie, aende. Yote matatu yamo katika neno moja, na wewe ukaenda zako. Nimekasirika, nakuambia ukweli. Ulikuwa mtu wa kusema maneno mengi kuhusu sabuni, kuhusu namna ya kukunja shuka, na hili moja ukaliacha likining'inia.

Mama Wilondja hakuona fumbo lolote. Kesho yake baada ya mazishi alifunga vitu vyake akamrudisha mtoto Lweba. Alituambia umesema aachwe, na neno la mtu anayekufa halipingwi. Daktari aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na kichwa chako, ulisema nini hasa. Nikamtafsiria kwa Kifaransa changu kibovu, na katika Kifaransa ilibidi nichague. Nikachagua, nikabadilisha, nikachagua tena. Akaniambia nikapumzike.

Sikupumzika. Nilikwenda Lweba. Nilimkuta Wilondja ameketi kivulini kando ya nyavu za baba yake, anatazama wenzake wakioga ziwani. Vidole vyake vimezidi kuvimba ncha. Aliponiona alitaka kukimbia kunilaki, akapiga hatua chache, akachutama, na nikamngoja. Ulimi wake ulikuwa na rangi ya wino. Mama yake aliniambia kwamba siku hizi anazimia akilia, na kwamba amewakataza ndugu zake wasimwudhi kwa lolote, hata samaki mkubwa apewe yeye. Alisema hayo huku anamenya mihogo bila kuinua uso. Nilijua anajua. Mtoto hatakuwa mkubwa kivulini pale.

Kisha akaweka kisu chini akaniuliza. "We ulikuwa naye kila siku. Uniambie ya kweli. Mama Salome alisema aende ao abakie?"

Mama, unajua jinsi ilivyokuwa rahisi? Nina aproni yako. Ningesema tu kwamba ulinieleza kabla, kwamba ulitaka aende, na yule mwanamke angefunga mzigo wake jioni hiyo hiyo. Daktari angefurahi. Mimi mwenyewe nataka aende, sikufichi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nikawaza: na kama ulitaka abaki? Na kama mtoto asipoinuka kule mezani, mama huyu atakulaumu wewe, na wewe hupo kujibu, naye hatakuwa hata na mtu wa kugombana naye. Nikachukua kisu chake nikaanza kumenya mihogo ili nipate la kufanya.

Nikamwambia, "Sijui alisema nini. Hakuna mutu anajua. Ila mi, mi mwenyewe, nasema aende."

Aliitazama mihogo niliyokuwa namenya. Nilidhani atanifukuza. Mimi ni nani? Sijazaa, sijazika mtoto, na Kifaransa changu ni cha kuombea chumvi. Aliuliza kitu kimoja tu, taratibu, kama anauliza bei ya unga sokoni.

"Na akikufa kule?"

Nilimwambia akifa kule, mimi ndiye niliyesema. Si Mama Salome, si daktari. Aje kwangu, anitukane, anipige akitaka, sitakimbia. Sikuwa jasiri, Mama. Nilikuwa nalia, na makamasi yaliingia kwenye mihogo yake.

Alimwita Wilondja, akamfuta vumbi magotini, akamtazama. Kisha akasema kwamba yeye ana mwingine mchanga anayenyonya na hawezi kuondoka, basi mimi ndiye nitakayekwenda naye mpaka Usumbura na kumkabidhi kwa mkono wangu. Na kama huko wataniruhusu kupanda ndege, nipande. Daktari amekubali nifike Usumbura. La ndege hajasema ndiyo wala hapana.

Lori la pamba linaondoka kesho. Watatutengenezea nafasi juu ya magunia, aketi akiwa ameegemea, asilale chali. Nimefunga kijiko chake, kibuyu cha maji ya kuchemsha, na nguo nzito kwa sababu wanasema Ulaya kuna baridi ya kuumiza meno. Nimepanga kila kitu na bado sijui kama nimefanya vizuri. Usiku na mchana nabadilika. Nikimtazama anavyohema nasema ndiyo, nikimkumbuka mama yake akimfuta magoti nasema hapana, mwache. Labda na wewe ulikuwa hivyo hivyo asubuhi ile, hukujua, ukasema lile neno ulilokuwa umelizoea. Kama ni hivyo, nakusamehe. Lakini ungesema.

Basi, lala sasa, Mama. Kuku nimemwachia mpishi, na ameapa hatamgusa. Asante kwa mikono yako, iliyonifunza yangu. Nakuahidi jambo moja: jina lako sitalitumia kamwe kumwamulia mtu. Nikisema nitasema kwa mdomo wangu. Na nikirudi, na Wilondja au bila yeye, nitapita Lweba kwanza nikasimame mbele ya mama yake. Kaburini kwako nitakuja baadaye.

Ni mimi, binti yako wa wodi,
Eliza