Baba, Ramani Ile Niliikosea Mimi

Baba yangu uliyelala mteremkoni,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini Mama akisikia nimekuandikia bila shikamoo ataniuliza chuo kimenifundisha nini.

Nimemaliza. Mwanao sasa ana shahada, na wizara imenipa fomu yenye nafasi mbili, nichague moja na kuirudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Ya kwanza ni usanifu wa majengo: kukaa ofisini Dar es Salaam nikichora shule na zahanati za vijiji vya nchi nzima. Ya pili ni usimamizi wa ujenzi huku huku milimani, na buti zenye matope. Wenzangu wanashangaa nawaza nini. Msichana peke yangu darasani, nimevumilia yote yale, halafu nirudi kusimamia zege? Ningetaka sana kujua wewe ungesemaje. Shida ni kwamba ulikuwa mtu wa kuuliza, si wa kusema.

Unakumbuka siku uliyonipeleka Kifungilo kuanza shule? Tulitembea tangu alfajiri, sanduku langu kichwani kwako, na kila jengo la mawe tulilolipita ulisimama ukaligonga kwa kidole. Mimi nalia kwa woga, wewe unataka kujua mawe yale yalitoka wapi. Sista alipotupokea hukumwuliza nitalala wapi. Ulimwuliza maji ya paa lile kubwa yanakwenda wapi. Niliona haya mpaka nikaacha kulia. Nadhani ugonjwa wako uliniambukiza hapo, maana tangu siku hiyo siingii nyumba ya mtu bila kutazama dari.

Kisha ikaja ile likizo ya mwaka wa pili chuoni. Kijiji kiliamua kujenga darasa kwa kujitolea, na mwenyekiti akasema ramani atachora binti wa fundi, kuta atajenga fundi mwenyewe. Ulitembea kifua mbele wiki nzima. Nilipoleta karatasi yangu uliitandaza juu ya jiwe, ukaigeuza huku na huku, ukaniuliza: "Mlima uko wapi humu?"

Nikakujibu mbele ya watu kwamba ramani si picha, mlima hauchorwi. Ujuaji, Baba. Wewe desturi yako ilikuwa hupigi kigingi hata kimoja mpaka mvua inyeshe nawe umesimama kiwanjani, umejifunika gunia, unaweka vijiwe kila yanapopita maji. Uliomba tungoje vuli. Nikasema chuo kinakaribia kufunguliwa, hatuwezi kungoja mawingu. Ukanitazama kidogo, ukachukua kamba, ukapima kama nilivyochora, ukuta wa nyuma ukiwa umebanana na mlima.

Vuli ilipofika mimi nilikuwa mbali. Mama aliniandikia kwamba maji yamepenya ukuta ule, watoto wanasoma wamepandisha miguu juu ya madawati, nawe unachimba mtaro peke yako siku ya tatu sasa. Niliporudi nilikuuliza, ukasema mvua zilizidi mwaka ule. Nikaridhika upesi mno, maana nilitaka kuridhika.

Lililobaki nimelijua wiki iliyopita, miezi saba baada ya kukuzika. Nilimwuliza mwenyekiti kwa nini zahanati ya kijiji ilijengwa na fundi kutoka Korogwe na wewe ulikuwepo. Akanifungulia daftari la kumbukumbu za mikutano. Imeandikwa humo kwamba fundi wa lile darasa alisimama akakiri hakufuata ramani, kwamba macho yake yamechoka, na kazi zijazo apewe mwingine.

Hukufuata ramani! Wewe uliyeifuata pamoja na kosa lake. Tangu siku hiyo najiuliza, ulikuwa unawaza nini uliposimama pale? Ulihofia watanicheka, au ulihofia nitaacha chuo? Mama anasema hata yeye hukumwambia. Ukayameza yote, ukakaa nyumbani miaka yako ya mwisho unatengeneza vibanda vya kuku, na watu wakaamini umezeeka. Nina hasira nawe, nakwambia waziwazi. Hukunipa hata nafasi ya kuomba radhi. Na bado nakupenda, kiasi kwamba hasira yenyewe haikai.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kijiji. Niliomba kusema, nikasimama mbele. Nikasema: "Fundi aliifuata ramani. Aliyekosea ni mimi niliyeichora."

Mama aliinamisha kichwa, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Mwenyekiti hakunisifu wala hakunilaumu. Alinisogezea daftari na kalamu, akasema niandike mwenyewe. Nikaandika chini ya yale uliyoyasema wewe, nikatia sahihi.

Tulipofika nyumbani nikaijaza fomu. Nimechagua usimamizi. Napenda kuchora, sikufichi, na huenda siku moja nikairudia meza ya kuchorea. Lakini mchoraji hukosea akiwa mbali, na lawama humkuta fundi. Mimi nataka nikikosea niwe nimesimama pale pale, watu wananiona, asiwepo baba wa mtu yeyote atakayelazimika kusimama badala yangu.

Pumzika, Baba.

Ni mimi,
kifungua mimba wako