Picha za Mguu wa Mama

Mpendwa Shangazi Xaverine,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, kama unavyowasaidia wengine gazetini, na ukiona barua ni ndefu usiiache katikati, kwa sababu jambo lenyewe liko mbele na naona aibu kuanza nalo. Mimi ni fundi cherehani, naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na mama yangu, Mama Fortunée, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bukavu, na mimi ndiye kitinda mimba wake, ndiye niliyebaki naye wengine walipotawanyika. Kaka yetu mkubwa, Théophile, yuko Kanada. Mjomba Moïse yuko Bukavu pamoja na nusu ya ukoo. Sote tunakutana kwenye kundi la WhatsApp liitwalo Famille Unie, na humo ndimo kila kitu kinaamuliwa, harusi, matanga, mtoto aitwe nani, kwa sababu sisi ni watu wa kikao cha familia na siku hizi kikao kinakaa kwenye simu.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Miezi michache iliyopita alitoka kanisani akitembea na kijiwe ndani ya kiatu bila kukisikia, na alipovua kiatu tukaona vidole vimechubuka, tukadhani ni kitu kidogo. Hakikuwa kitu kidogo. Kaka akaagiza nipige picha ya kidonda kila asubuhi niitume kwenye kundi ili wote wafuatilie, nami nikafanya hivyo, namwosha mama mguu, napiga picha, natuma, halafu ndiyo nakaa kwenye cherehani.

Shangazi, siku kidonda kilipoonekana kibaya ndipo nilipolijua kundi. Mjomba alisema namtembeza mama bila viatu. Mama wadogo wakatuma sauti za kulia na sauti za maombi, mmoja akasema mimi nawaza vitambaa vya wateja tu, na kwa kuwa nyumba yetu ni chumba kimoja mama alizisikia zote, akasukuma sahani ya nsima pembeni, siku ile hakula. Kesho yake mguu ulikuwa vilevile, labda umezidi kidogo, na mimi nilikuwa nimechoka, nikatuma picha ya siku za nyuma, ile nzuri niliyoipiga karibu na dirisha kwenye mwanga. Zikaja aleluya. Ikaja mioyo myekundu. Kaka akatuma sauti, "Asanti Lucie, unachunga mama muzuri," na huyo ni kaka ambaye hajawahi kunisifu tangu nizaliwe, kwa hiyo niliirudia sauti ile mara nyingi huku nashona.

Basi nikaendelea. Picha za siku nzuri nilizokuwa nazo nilizigeuza, nikazipunguza pembeni, leo hii, kesho ile, na nyumbani kukawa na amani, mama akala, nami nikajiambia mguu utapona na picha zitakuwa za kweli. Mguu haukupona. Ulianza kunuka. Wiki iliyopita nilimpandisha kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi kituo cha afya cha kambi, natembea pembeni nimeushikilia mguu usigonge baiskeli, na wale wauguzi walipofungua kitambaa hawakukawia, wakatupeleka kwa gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa ya Lilongwe, na hapo ndipo tulipo.

Jana Jumatatu daktari alimpima akasema vidole viwili vimekufa, vikatwe Alhamisi, na vikiachwa hatutaongea tena habari za vidole, tutaongea habari za mguu, na baada ya mguu hakumaliza sentensi, alimtazama tu mama. Alikuwa anachanganya Kiingereza na Chichewa. Chichewa, lugha ya huku, mimi nimekipata sokoni, mama anajua zikomo, yaani asante, na maneno machache, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Nikamwambia mama kwamba daktari anataka kusafisha kidonda vizuri. Mama akanikazia macho, akasema, "Dokteri amesema mambo mingi vile, na we unaniambia maneno mbili tu?" Nikainama nikajifanya natafuta soksi yake. Daktari akanieleza kwamba mgonjwa ana akili zake timamu, anaweza kutia sahihi mwenyewe, nami nikamjibu kwetu hatufanyi hivyo, mkubwa wa familia ndiye anayesema, nikaomba anipe hadi Alhamisi asubuhi.

Nikapeleka habari kwenye kundi. Kaka akachukua picha yangu ya mwisho, ambayo ni ya zamani, akaitia kwenye ile programu ya simu inayojibu maswali kama mtu, ikamwambia kidonda ni kisafi na nyama mpya inaota, akatusomea jibu lote kwa Kifaransa. Kisha akasema, "Lucie, kile kidonda kinapona, sisi bote tumeona. Bale badokteri banapenda kukata. Mama hatakatwa hata kidole moya. Umurudishe ku nyumba, mi nitatuma dawa." Mjomba akaunga mkono, mama wadogo wakaunga mkono, alama za kukubali zikawa zinaingia moja baada ya nyingine na mimi naziangalia tu.

Sasa nimekaa uani na ndugu za wagonjwa wengine, nguo za watu zimeanikwa kwenye ua, chaji yangu inakaribia kuisha na pa kuchajia panagombewa. Nimewaza hivi: nitume picha moja mbaya kidogo mchana huu, jioni mbaya zaidi, kesho nitume ile ya kweli, ili wafike polepole na wasijue kwamba za nyuma zilikuwa za uongo. Je, hilo litafaa? Au nimrudishe tu kama walivyoamua? Nikisema ukweli wataniita muuaji, na kaka hatanisamehe, na mimi sina kaka mwingine. Mama ananiita kupitia dirisha la wodi hata sasa ninavyoandika. Tangu asubuhi anarudia jambo moja, "Ile mguu ni yangu, Lucie," nami namwambia apumzike.

Mimi mwanao,
Lucie

*

Lucie,

Nakujibu leo leo kwenye simu yako. Wasomaji wengine wataikuta barua yako gazetini baadaye, majina yote yakiwa yamebadilishwa, kwa hiyo usihangaike na hilo. Una mengine ya kukuhangaisha.

Hapana, huo mpango wa picha za kushuka polepole haufai hata kidogo. Unataka kuwazoesha watu walio mbali, na siku unazotaka kuwazoeshea ni za mama yako. Hana za kugawa.

Nakuhurumia, na ulijue hilo kabla sijaanza kukugombeza. Mguu ule umeuosha wewe kila asubuhi. Harufu haipiti kwenye simu, na katika kundi lenu zima hakuna aliyeisikia isipokuwa wewe. Waliokusema walikuwa wameketi mbali na beseni. Ningekuwa nimechoka kama wewe, nimetukanwa, mama yangu amesukuma chakula, pengine na mimi ningeitafuta ile picha ya dirishani. Siku moja. Wewe uliigeuza kuwa kazi ya kila siku, ukawa unapunguza pembeni kama unavyopunguza kitambaa.

Kaka yako unamwona mkaidi. Mimi simwoni mkaidi, namwona mtu aliyedanganywa. Ameangalia picha ya kidonda kinachopona akasema kinapona. Ulitaka aseme nini? Na ile programu tusiisingizie, ilijibu picha iliyopewa. Hata daktari wa Lilongwe ungemwonyesha picha ile tu, bila mguu, angekuambia nendeni nyumbani. Simu imepeleka kile ulichoiambia ipeleke.

Lakini picha ndizo zinakutoa jasho, na si kosa lako kubwa. Kosa lako kubwa ni yale maneno mawili. Daktari alitaja Alhamisi, akataja vidole, akataja mguu, na mwenye mguu akaambiwa atasafishwa. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza mama yako anataka nini, sikupaona. Mjomba ameulizwa. Mama wadogo wameulizwa. Programu imeulizwa, na jibu lake limesomwa mbele ya ukoo mzima. Mwanamke aliyefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, wewe unamtafutia soksi ili asikuulize swali la pili. Nina hakika hata humo kwenye Famille Unie hamkumwingiza.

Unasema kwenu mkubwa wa familia ndiye anayesema. Sawa, hata mimi nimelelewa na watu wa vikao na ninaviheshimu. Sasa niambie, mkubwa wa familia hiyo ni nani? Huyo Théophile amezaliwa na nani? Mkubwa wenu yumo wodini, amelala kitandani, na amekuwa akisema tangu asubuhi. Wewe unamwambia apumzike.

Nisikilize vizuri. Nenda kwa muuguzi, umwombe daktari arudi kitandani kwa mama leo hii, si Alhamisi. Mwambie wazi kwamba jana hukutafsiri yote. Ataudhika, avumilie, na wewe uvumilie. Kisha tafuta mtu mwingine wa kutafsiri, asiwe wewe, kwa sababu umeshaonyesha kwamba maneno mazito yakipita kwako yanapungua. Hapo uani ulipo uliza kwa sauti nani anajua Chichewa na Kiswahili, na ukimkosa hapo, Wakongo hawakosekani mitaa ya Old Town na Mchesi hapo mjini, kanisa lenu litakupa mtu. Daktari aseme kila kitu mbele ya mama, pamoja na ile sentensi aliyoiacha njiani. Wewe keti, umshike mkono, ufunge mdomo wako.

Mimi si daktari, sitakuambia vidole vikatwe au visikatwe. Mama aulize anachotaka kuuliza, halafu aamue. Akisema ndiyo, kalamu aishike mwenyewe. Akisema hapana, aiseme akijua hapana hiyo inamfikisha wapi. Itakuuma, lakini utakuwa umemtendea kama mtu mzima, na ni muda mrefu hajatendewa hivyo.

Mama akishasikia ndipo uende kwenye kundi, usilitangulize. Mwombe ruhusa, upige picha moja, ya leo, usiiguse popote. Itume na sauti yako, usiandike, maana kwa kuandika utapata nafasi ya kupamba. Sema picha za nyuma zilikuwa za zamani, ulizituma kwa kuogopa, na mguu wenyewe ni huu. Basi. Usimtaje aliyekutukana, usikumbushe nani alisema vitambaa, usiombe wakuelewe. Watasema sana, na mengine yatakuwa ya haki. Unaogopa kuitwa muuaji, Lucie. Jina hilo leo litakuwa tusi tu. Mrudishe Dzaleka na mguu ule, ukijua ulichoambiwa na daktari, uone kama litabaki tusi.

Kaka mpigie kwa video, ila simu aishike mama. Wewe ukae pembeni. Kile anachokuambia wewe tangu asubuhi amwambie mwanawe uso kwa uso, na tuone kama Théophile atamjibu mama yake kwa alama ya kidole gumba. Mimi sidhani. Watoto wengi wenye sauti kubwa kwenye kundi hupunguza sauti wakimwona mama mwenyewe. Kuhusu ile sifa aliyokupa, najua ilikuwa tamu, na huenda usiipate tena kwa muda mrefu. Lakini aliisifia picha. Kumchunga mama kweli kunaanza mchana huu, na hakuna atakayekutumia moyo mwekundu kwa hilo.

Umesema chaji yako inakaribia kuisha. Kwa hiyo usinijibu na usinishukuru, iliyobaki ni ya mama yako kuongea na mwanawe. Amekuwa akikuita dirishani tangu ulipoanza kuniandikia. Weka simu mfukoni, uinuke, uende ukamsikilize.

Shangazi Xaverine