Mshale Unaokwama

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi huku mzima, ila macho yamechoshwa na kompyuta.

Nina swali la kikazi. Mchezo wetu wa kompyuta wa ndege za kivita unatoka upya baada ya wiki tatu. Kwenye orodha nina hitilafu mia mbili na kumi na mbili, na mafundi wanne tu. Haziwezi kuisha zote, kwa hiyo mimi ndiye wa kusema ipi itangulie. Wachezaji wanapigia kelele moshi: ndege ikipigwa, unatoka wa zambarau. Malalamiko elfu tatu! Hitilafu nyingine imelalamikiwa na watu tisa: ndege ikishuka kwa kasi, mshale wa mwinuko unakwama, unaonyesha uko juu kuliko ulipo. Bosi anasema hao tisa wasubiri.

Wewe umetengeneza ndege za kweli za jeshi miaka ishirini na sita. Ungeanza na ipi?

Kitindamimba wako


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula au unaishi kwa kahawa.

Mchezo wenu nimeucheza. Nimeanguka mara kumi na moja, mama yako kacheka mpaka akakaa chini. Mara saba mshale uliniambia niko juu, kumbe nimeshafika ardhini.

Kwanza rekebisha kinachomdanganya rubani. Pili, kinachouzima mchezo ghafla. Moshi hata ukiwa wa kijani, utasubiri.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka ule ulipoanza shule, niliandikiwa malalamiko mawili ya ndege moja: kiti kinalia, na mshale wa mwinuko unakwama. Mkuu wa kikosi alikuwa hataki kabisa kuisikia ile kelele. Nikashughulika na kiti. Mshale nikaugonga kwa kidole, ukatulia, nikatia saini kwamba ndege ni nzima. Mchana ule rubani alishuka mno, akaivaa miti. Alitoka hai, lakini mguu mmoja haukupona. Uchunguzi ukasema kosa ni lake, hakuusoma mshale vizuri. Nikanyamaza.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Barua yako niliisomea ofisini, nikatoka nikasimama kwenye ngazi mpaka wenzangu wakaja kunitafuta.

Mshale tumeurekebisha. Bosi alinuna. Nikamwambia kama moshi ndio muhimu, aandike hivyo kwa mkono wake. Hakuandika. Mchezo umetoka na moshi wake wa zambarau, na matusi nayapata asubuhi na jioni.

Sikuhukumu, Baba. Lakini huyo rubani yu hai? Anajua?

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Najua umekuwa ukisubiri jibu langu kila siku.

Nilianza kwa kumwambia mama yako yote. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akanipigia shati pasi, akasema, "Nenda."

Rubani anaishi ghorofa ya pili, anatengeneza redio. Alifungua mlango akiegemea mkongojo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kupigwa na huo mkongojo. Nikayasema yote pale pale mlangoni.

Akaniuliza, "Mshale ulikuwa unakwama?"

"Ulikuwa unakwama, na nilijua."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akageuka kumwita mkewe jikoni. "Mama watoto, njoo usikie. Sikuusoma vibaya!"

Miaka yote hiyo, mwanangu, alikuwa anajilaumu yeye.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuomba. Jumatatu tunakwenda wote makao ya kikosi, nikaandikishe maelezo. Ameniomba tuondoke mapema, maana ngazi za pale ni nyingi kwa mguu wake.

Baba yako