Mjomba Anataka Nimkate Dereva

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana watu wote ambao ningewauliza wamo ndani ya filamu hii. Mimi ni mhariri, naunganisha vipande vilivyopigwa na kamera mpaka viwe hadithi, na hadithi yenyewe ni ya waziri anayenunua kimya cha watu wake mmoja mmoja, na mwongozaji ni mjomba wangu, aliyenilea tangu baba afariki, akanifundisha kazi hii nikiwa mdogo hata miguu haifiki chini nikikalia kiti chake. Waziri ana dereva, anaigizwa na mzee tunayemwita Breki, na kazi yake nzima ni kufungua milango ya gari, ila karibu na mwisho anasimama mbele ya tume inayomchunguza waziri na kusema, "Wote hawa nimewafungulia mlango. Najua nani aliingia bila mkoba na nani alitoka nao." Basi. Hiyo ndiyo roho ya filamu.

Sasa mheshimiwa aliyetuazima nyumba yake tupigie picha, na ambaye ukumbi wa uzinduzi ni wake, alionyeshwa filamu, akacheka vizuri tu mpaka ilipofika zamu ya dereva, hapo akaomba maji. Kesho yake mjomba akaniambia dereva aondoke. Nikamwuliza, "Mjomba, sasa filamu itasema nini?" Akajibu, "Mwanangu, ukitaka cha mvunguni sharti uiname." Nikamwambia tumeinama mpaka tumelala. Hakucheka. Maneno ya dereva aliyaandika yeye, na alipokuwa akiniambia niyafute alitazama viatu vyake.

Breki hajui. Juzi alichungulia chumbani kwangu akasema, "Binti, usinikate pale ninapomeza mate, hapo ndipo ninapoigiza, kwingine kote ni mdomo tu." Amewaalika wajukuu. Nimewaza nimpe mjomba nakala iliyokatwa, kisha siku ya uzinduzi niweke nzima kimyakimya, lakini nikimfikiria amekaa gizani ubavuni mwa mheshimiwa, moyo unanisuta. Nikitii nitamsaliti nani, na nisipotii?

Mpwa Mwenye Mkasi

Mpwa, pole. Kuwekwa njia panda na mtu aliyekulea si jambo dogo. Lakini nikukaripie kidogo. Filamu hii umeitazama kuliko yeyote, na bado mpango uliokuja nao ni wa waziri wenu: mchana kusema hivi, gizani kutenda vile. Ukibadilisha nakala kwa siri, mjomba ataaibika mbele za watu kabla hajapata nafasi ya kusimama mwenyewe, na wewe utakuwa umejificha nyuma ya mzee Breki.

Kulelewa ni deni la heri, ila halilipwi kwa mkasi. Leo, mchana, mwambie mjomba: "Mimi sikati. Kiti chako hiki, kaa ukate kwa mkono wako." Usihutubu. Mwekee kile kipande Breki anapomeza mate, kisha unyamaze, wala usitoke chumbani.

Akikata, ondoa jina lako kwenye filamu, na siku hiyohiyo umwendee Breki umweleze. Asije akajua ukumbini, amempakata mjukuu, anasubiri sauti yake. Asipokata, tafuteni ukumbi mwingine, hata wa viti vya plastiki.

Na usiogope mno. Aliyekwisha kuamua hutazama mtu machoni. Anayetazama viatu anangoja mtu wa kumkatalia, na humo chumbani hamna mwingine ila wewe.